Barua ya wazi kwa wakuu wa Lamu: lipieni mazoezi, si siku ya maonyesho

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu, waheshimiwa wawakilishi wa wadi zetu 10, Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti, na wasimamizi wa Makumbusho ya Taifa hapa Amu, mji wetu wa Lamu.

Assalaam aleikum warahmatullah, na kwa wale kati yenu wenye salamu nyingine, hamjambo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nimekuwa mlezi wa kikundi cha maigizo cha vijana wa mtaa wa Langoni. Mnatufahamu kwa sura kuliko kwa majina. Ni sisi mnaotuita Siku ya Madaraka, Siku ya Mtoto wa Afrika na wakati wa tamasha la utamaduni. Tunapangwa baada ya hotuba ya pili na kuahidiwa dakika 15, kisha mgeni rasmi akiwa na ndege ya kuwahi Manda, dakika hizo hukatwa zikabaki 5. Tunaigiza huku fundi wa mitambo bado anahangaika na vipaza sauti. Mnacheka, mnapiga makofi, mwenye nafasi anatoa noti ya elfu mbele ya kamera, basi. Tunaonana tena sikukuu nyingine.

Sina kinyongo na makofi, wala na ile noti. Nataka tu mjue kwamba mnachokiona siku hiyo si kitu kinachomkuza kijana. Kinachomkuza hamjakiona, kwa sababu hutendeka jioni, uani, wakati hakuna mgeni rasmi: ni mazoezi. Na katika mambo yote ya maigizo ambayo kaunti na wafadhili wake hulipia, mazoezi ndiyo yasiyolipiwa kamwe. Fundi wa majahazi wa Matondoni hulipwa tangu mkuku, yaani uti wa chombo, unapolazwa. Hakuna tajiri anayemngoja mpaka siku ya kushua jahazi ndipo atoe pesa. Sisi tunalipiwa kushua tu. Mahema, viti, maji ya chupa, fulana zenye maandishi mgongoni.

Niruhusuni nieleze mazoezi ni kitu gani, maana sidhani wengi wenu mmewahi kuyakalia.

Kijana wa miaka 15 au 16 akija mara ya kwanza, hasikiki. Si kwamba hana sauti. Akiomba pasi uwanjani anasikika hadi Wiyoni. Lakini mbele ya watu wazima amefundwa tangu utotoni kuinamisha macho, na kujibu kwa naam au la. Adabu hiyo siidharau. Nimelelewa nayo, na wanangu nimewalea nayo. Ila kijana huyohuyo, akifika miaka 18, tunamtaka asimame mbele ya jopo la ajira bandarini, au mbele ya askari wa kizuizi cha barabarani, au mbele ya daktari asiyemjua, aeleze haja yake sawasawa bila kutetemeka na bila ujeuri. Atakuwa amejifunzia wapi?

Jukwaani anapewa ruhusa. Anayesema si yeye, ni mhusika. Katika mchezo wetu mmoja, kijana anamwambia ami yake kwamba ameuza shamba la mayatima. Asingethubutu kulisema hilo nyumbani hata kama ni kweli. Mchezoni analisema, tena analisema mara nyingi mno, maana onyesho lile tulilirudia jioni baada ya jioni: mara kwa hasira, mara kwa kunong'ona, mara kwa heshima iliyopitiliza hata ikawa ndiyo tusi lenyewe. Hapo ndipo anapogundua kwamba neno gumu lina njia nyingi za kutoka kinywani, na kwamba kupiga kelele ndiyo njia dhaifu kuliko zote. Siku ya maonyesho ami zake wa kweli walikaa mstari wa mbele. Walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha mmoja akasema kwa sauti, "Mwambie!"

Wala hili si jambo geni Amu. Mji huu umejibizana kwa beti tangu enzi za vita vya Shela, na kabla ya mkuki kulikuwa na shairi. Mitaa ya Mkomani na Langoni imeshindana kwa ngoma vizazi na vizazi. Wanaume wana kirumbizi, ambapo vijana wawili hupigana kwa bakora huku zumari inalia na hakuna anayekusudia kuumiza. Kina mama wana vugo na lelemama, na anayedhani mwanamke wa Kiswahili hakuzoea jukwaa hajahudhuria harusi. Tulikuwa na namna zetu za kuwapa vijana ukumbi wa kutoa yaliyomo moyoni mbele ya mji mzima, chini ya kanuni ambazo kila mtu anazijua. Nyingi zimepungua, na mahali pake hatujaweka kitu isipokuwa simu.

Nirudi uani. Tulikuwa na mchezo kuhusu nyumba moja ya mvuvi inayongoja fidia ya ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Mnayajua mambo yenyewe: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa riziki waliyoipoteza, na miaka ikapita watu wakingoja. Nafasi ya baba wa nyumba ile ilipewa kijana ambaye baba yake mwenyewe ni mvuvi. Jioni ya kwanza alimwigiza kama kikaragosi: mzee mlalamishi, mdomo wazi, mkono tumboni, wenzake wakavunjika mbavu. Nikamwuliza swali ambalo kila mlezi wa maigizo huliuliza: mtu huyu anataka nini? Akasema anataka pesa. Nikamwambia aende akamtazame mtu wa namna hiyo, kisha arudi anieleze tena.

Alirudi kimya. Akaanza kukaa tofauti. Alikuwa ameona kwamba baba yake, akiulizwa jambo, hashughuliki kujibu mpaka kidole gumba kimefika mwisho wa uzi anaoushona kwenye wavu. Alikuwa ameona kwamba hataji pesa kabisa. Hutaja sehemu za bahari, moja moja, kwa majina ambayo kijana mwenyewe hakuwahi kuyasikia. Basi mhusika wetu naye akaacha kulalamika, akawa mtu anayetaja majina ya bahari ambayo hawezi tena kuyaendea. Mchezo mzima ulibadilika kwa sababu hiyo, ikabidi tuandike upya onyesho la tatu. Waliyozungumza nyumbani baba na mwana ni yao. Ninachojua ni kwamba kijana aliyekuwa akimwita mzee wake mshamba alikaa wiki kadhaa akijifunza kuwa yeye.

Kuna waliolipima jambo hili kwa njia za kisomi. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Thalia Goldstein na Ellen Winner, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto na vijana waliosoma uigizaji kwa muda wa mwaka wa shule, wakawalinganisha na wenzao waliosoma sanaa nyingine. Waliosoma uigizaji walizidi kukua katika kuhisi anayoyahisi mwenzao. Wao wameliweka katika majedwali. Mimi nililiona kwenye kidole gumba. Nyinyi chagueni ushahidi mnaouamini.

Na si waigizaji peke yao. Kila kikundi kina kijana ambaye hataki kuonekana kabisa, na wazazi hudhani anapoteza wakati. Wetu alianza kwa kushika tochi. Kisha akawa anaweka saa. Kisha tukagundua kwamba anaujua mchezo mzima kwa moyo, kila mstari wa kila mtu, na aliyesahau alikuwa akimtazama yeye. Leo ndiye anayeandika barua zetu za maombi, anayepiga hesabu za nauli ya boti, anayegombana na mwenye kukodisha viti. Sikumfundisha hata moja katika hayo.

Jambo ambalo watu wa maigizo hatulisemi vya kutosha ni hili: katika mchezo wa watu wanane, asipokuja mmoja, wote saba wamekwama. Mpira una wachezaji wa akiba. Mchezo wa kuigiza hauna, angalau si kwa vikundi maskini kama vyetu. Tunao vijana katika mji huu ambao tangu walipomaliza shule hakuna mtu anayewangoja mahali popote. Wakifika barazani sawa, wasipofika sawa. Hapa wanangojwa. Wakichelewa wanapigiwa simu, wanatukanwa kidogo, wanaulizwa kulikoni. Sitawaambia kwamba maigizo yanaponya uraibu wa unga wa kulevya. Aliyenaswa na unga anahitaji daktari na matibabu, na mlezi anayedai vingine anajidanganya na anawadanganya wazazi. Ninachosema ni kwamba saa zile baina ya alasiri na isha, ambazo ndizo saa za hatari katika vichochoro vyetu, zinaweza kuwa na wenyewe.

Sasa nije kwenye suala la wasichana, kwa sababu najua ndilo litakaloulizwa kwanza, tena na watu ninaowaheshimu.

Mzee mmoja wa mtaa alikuja uani siku moja, akasimama mlangoni. Hakuingia. "Mwalimu," akasema, "wana wa kike hawa mwawafunda nini?" Nikamwambia, "Ndoo ukae, baba, uone mwenyewe." Akakaa pembeni na mkongojo wake. Tulikuwa katika onyesho la kesi ya talaka mbele ya kadhi, na binti aliyecheza mke alikuwa akijieleza. Mzee alivumilia hadi mwisho. Kisha akasema kosa letu si binti. Kosa ni kadhi. Kadhi haongei hivyo, hamkatizi mtu hivyo, na hatoi hukumu kabla ya kuita wazee wa pande mbili wajaribu suluhu. Jioni iliyofuata alirudi kutufunza namna kesi inavyokwenda, na akawa anakuja. Kadhi wetu, ambaye ni kijana mwenye haraka kuliko wote, alilazimika kujifunza kusikiliza, maana mzee alikuwa akimgonga bakora ya mguu kila anapokatiza.

Wasiwasi wa wazazi una msingi na una dawa. Mabinti zetu hufanya mazoezi mchana, humaliza kabla ya maghribi, na siku zote kina mama wawili watatu huwa wamekaa pale na kazi zao za mkono. Michezo mingine huigizwa kwa kina mama pekee, na niseme kweli, hiyo ndiyo hadhira kali kuliko zote: wakichoshwa wanaanza kuzungumza, wakipendezwa wanamalizia mistari kabla ya mwigizaji. Yote hayo yanahitaji mahali penye mlango, penye kivuli na penye choo. Ua wa mama mmoja mwenye moyo mzuri hauwezi kuwa ndio sera ya kaunti.

Kuhusu wafadhili nitasema machache, kwa kuwa baadhi yao ni watu wema na mwezi ujao nitawahitaji. Mtindo ni ule ule. Shirika linakuja na ujumbe ulioandikwa tayari: nawa mikono, usiozwe mapema, kataa itikadi kali. Vijana wanapewa siku tatu, wanatunga kichekesho ambacho baba mbaya anakuwa mwema dakika ya mwisho baada ya kuhutubiwa na afisa wa afya, wanalipwa nauli na soda, picha zinapigwa, ripoti inaandikwa kwamba vijana kadhaa wamefikiwa. Aliyekua hapo ni nani? Kijana aliyepewa jibu kabla ya swali hajaigiza, amekariri. Na watazamaji wetu si wajinga. Wanajua baba mbaya habadiliki kwa hotuba.

Ipo njia iliyo bora, na Kenya imeshaitumia katika kampeni za kupambana na Ukimwi: kikundi kinarudi mahali pale pale, siku ile ile, kwa watu wale wale, na mchezo unasimamishwa palipo na mtanziko, watazamaji wanapanda wenyewe kuonyesha wangefanya nini. Njia hiyo inataka waigizaji wanaoweza kufikiri wakiwa wamesimama, kwa sababu hawajui mtazamaji atasema nini. Uwezo huo haupatikani kwa siku tatu na soda.

Waheshimiwa, kuna hofu moja ambayo haisemwi kwenye vikao lakini ipo. Mnaogopa mtasemwa.

Mtasemwa. Historia ya nchi yetu inaonyesha yanayotokea serikali ikiogopa jukwaa. Kamiriithu, kule Limuru, wakulima na wafanyakazi walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Mwaka 1977 wakanyimwa leseni ya kuendelea kuigiza, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Juzi tu, Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la maigizo baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kuonyesha mchezo wao. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, na polisi wakarusha vitoa machozi. Mchezo ambao ungetazamwa na watu wa ukumbi mmoja ukazungumzwa nchi nzima. Hata kwa hesabu za kisiasa tu, ilikuwa hasara. Na wale walikuwa watoto wa shule.

Lakini upo mfano wa pili, wa kiongozi aliyefanya kinyume. Augusto Boal wa Brazil, mtu wa maigizo, alichaguliwa kuwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro, akahudumu kuanzia 1993 hadi 1996. Vikundi vya mitaani viliigiza shida zao, watazamaji wakaingia mchezoni kupendekeza njia, na watu wa ofisi yake wakayaandika yaliyojitokeza na kuyafanya miswada. Sheria 13 zilipita kwa njia hiyo. Wawakilishi wetu wa wadi, nyinyi mnatakiwa na sheria kuwashirikisha wananchi kabla ya kupitisha bajeti. Nimehudhuria vikao hivyo. Karatasi ni za Kiingereza, wanaozungumza ni wale wale wazee wanne, na vijana wanakaa nyuma wakingoja chai. Jaribuni mara moja, wadi moja, kuanzisha kikao kwa mchezo wa nusu saa uliotungwa na vijana wa wadi hiyo kuhusu zahanati yao au gati lao. Mtasikia mambo ambayo hamtayapata kwenye fomu.

Sasa maombi yenyewe.

Sanaa na utamaduni si fadhila ya mtu. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya shughuli za utamaduni na burudani za umma, pamoja na maktaba na makumbusho za kaunti. Jedwali hilo hilo limewapa vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo hamhitaji kungoja Nairobi ili vijana wanaosomea useremala na ushonaji Faza au Mpeketoni wawe na kikundi cha maigizo. Mafundi wa jukwaa na maleba wako hapo hapo darasani. Naomba katika makadirio ya bajeti kuwe na kifungu cha mazoezi, kwa jina hilo, kilichotengwa na kile cha sherehe. Posho ya mlezi mmoja kwa kila wadi, taa, na mahali pa kukutania. Nikilinganisha na gharama ya mahema ya sikukuu moja, naamini mtashangaa jinsi kilivyo kidogo.

Mkurugenzi wa Elimu, ombi langu kwako ni la haraka. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mmoja kati ya mikondo mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambao ndani yake limo somo la maigizo na filamu. Wewe unajua kuliko mimi ni shule ngapi za Lamu Mashariki zinazoweza kulifundisha leo. Mtoto wa Kizingitini mwenye kipawa hicho asilazimike kuhama kisiwa, au kuchagua mkondo mwingine kwa sababu tu mwalimu hayupo. Na mpaka walimu wapatikane, tumieni watu waliopo: wako watu katika visiwa hivi ambao hawana cheti lakini wameongoza michezo tangu ujana wao.

Kuna pia suala la bahari. Shule ya Nairobi ikishinda katika kaunti, inapanda basi. Ya Faza ikishinda, inangoja maji yajae, inapanda boti hadi Mokowe, kisha inatafuta gari, kisha inasafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa kupitia barabara ambayo watoto wetu wameijua kwa misafara ya askari kuliko kwa mandhari. Walimu wakuu wengi hupiga hesabu hiyo na kuamua kutoshiriki tangu mwanzo. Siwalaumu. Boti ya kaunti inayobeba viongozi kwenda kwenye mikutano inaweza kubeba watoto 30 siku chache za muhula wa kwanza. Wala msiwasahau watoto wa Basuba, ambao shule zao zilifungwa mwaka 2014 kwa sababu ya usalama. Mtoto aliyekosa darasa kwa hofu ana mengi ya kuigiza kuliko sisi sote.

Na kwenu wa Makumbusho. Ngome ya Amu ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na ilikuwa gereza hadi 1984. Nyinyi mkaifanya maktaba na nyumba ya watu. Harusi zimefanyika humo, na maonyesho. Ua wake una kuta zinazorudisha sauti vizuri kuliko ukumbi wowote ulio karibu, una mlango wa kufungwa, na uko hatua chache tu na uwanja wa Mkunguni ambako wazee wanakaa, kwa hiyo mabinti zetu hawatakuwa mbali na macho ya watu wao. Tunaomba jioni mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, kutoka alasiri hadi kabla ya maghribi, mwaka mzima isipokuwa Ramadhani na siku za Maulidi. Tutafagia. Mlinzi akikawizwa, chai yake ni juu yetu. Si lazima mtungojee tuwe na mfadhili, na si lazima tuwe na bango mlangoni.

Makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Baada ya hapo tutaambiwa tungoje mwaka mwingine, na kijana wa miaka 17 hana mwaka mwingine wa kuwa na miaka 17. Tunaomba jibu, hata la kukataa, kabla ya tarehe hiyo, na tunaomba liwe la maandishi ili niweze kuwasomea vijana uani.

Wenu,
Mlezi wa kikundi cha maigizo cha vijana,
Langoni, Amu.